Skanki ni "mnyama wa manyoya" kivipi? Tumfungue kidogo huyu mnyama anayenuka

Ukichukua mwongozo wa uwindaji wa jimbo la Texas ukafungua sehemu ya wanyama wa manyoya utakuta biva (yule mnyama wa majini anayejenga mabwawa kwa miti), fisi maji, minki, mbweha, rakuni, wote wanyama wa Amerika, halafu humo humo katikati yao kapangwa skanki, yule mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe ambaye karibu kila mtu anamjua kwa jambo moja tu, kunuka. Sasa hama jimbo, nenda California, kule sheria imemuweka fungu moja na fuko na panya, wanyama ambao unaruhusiwa kuwaua mwezi wowote na idadi yoyote. Mnyama ni yule yule, ngozi ile ile, harufu ile ile, ila jimbo hili ni mali ya kuvunwa kwa leseni na jimbo lile ni kero tu.

Watu wakiona hivyo wanadhani wataalamu wa wanyama hawajaelewana. Hapana. "Mnyama wa manyoya" siyo ukoo wala siyo aina ya mnyama, ni kundi la kisheria na kibiashara, ndani yake kuna jamii ya mbwa, kuna jamii ya panya, kuna fisi maji, na kinachowaunganisha ni kwamba kuna kipindi ngozi zao zilikuwa na mnunuzi. Na kwa maoni yangu hakuna anayeonyesha hili vizuri kama skanki, maana bei yake imepanda imeshuka imekufa, na yeye mwenyewe hajabadilika hata unywele.

Kwanza tumjue. Skanki wa mistari, kisayansi Mephitis mephitis, ni wa Amerika Kaskazini tu, kuanzia kusini mwa Kanada, karibu Marekani bara yote, mpaka kaskazini mwa Meksiko. Ukubwa wake ni wa paka wa nyumbani, miguu mifupi, makucha ya mbele marefu ya kuchimbia, mkia umejaa manyoya. Weupe unaanzia kisogoni, unagawanyika mistari miwili mgongoni kuelekea mkiani, na kuna kamstari kembamba kanapita katikati ya uso. Ila skanki hawafanani mchoro, wapo ambao weupe umeishia shingoni na wapo ambao karibu mgongo mzima ni mweupe, lishike hilo kwa sababu kwenye bei lilikuwa ndio kila kitu.

Na wale ambao tayari mnasema "si ndiye kicheche huyo", siye. Kicheche ni wa Afrika, Kenya yupo Tanzania yupo, naye ana mistari myeusi na myeupe na akibanwa anarusha uvundo, ila yeye ukoo wake ni wa nyegere na fisi maji. Skanki zamani alihesabiwa huko huko mpaka miaka ya 1990 vipimo vya jeni vilipoonyesha ana ukoo wake mwenyewe, Mephitidae, na ndugu zake pekee nje ya bara la Amerika ni wanyama wadogo wachimbaji wa visiwa vya Indonesia na Ufilipino, ambao nao, bila kushangaza, wananuka. Yaani Afrika na Amerika kila moja ilitengeneza mnyama wake mweusi-mweupe mwenye silaha ya nyuma, bila kuigana.

Haya manyoya sasa. Koti la skanki lina tabaka mbili, chini kuna manyoya mafupi laini ya kuzuia baridi, juu yake nywele ndefu nyeusi, ngumu kiasi, ambazo ndizo zinazong'aa. Weusi wake ni wa asili, hauhitaji rangi, na ngozi yake ilisifiwa kwa kudumu. Tatizo ni kwamba ubora huo haupo mwaka mzima. Majira ya joto manyoya ni mepesi, yanajaza kadiri baridi inavyokaribia, Oktoba, Novemba, na wakati yameiva vizuri kabisa mwenyewe anaingia shimoni! Sehemu zenye theluji skanki anajifungia wiki na wiki, siyo ule usingizi mzito wa msimu mzima wa baadhi ya wanyama, yeye anapunguza joto la mwili na kulala sana, baridi ikilegea anatoka kidogo anarudi. Majike hulala wengi shimo moja, saa nyingine na dume mmoja kati yao. Wanaingia wanene wanatoka wamekonda. Februari na Machi madume wanatoka kutafuta majike, ndio kipindi ambacho barabara za Marekani zinanuka kweli kweli, ila kwa mtegaji hapo manyoya yameshaanza kuchakaa. Kwa hiyo dirisha la kupata ngozi nzuri ni dogo, wiki kadhaa tu kabla ya baridi kali.

Pamoja na hayo yote, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 skanki alikuwa dili. Unajua biashara ya manyoya kule ni ya siku nyingi, Hudson's Bay Company, kampuni kubwa ya manyoya ya Kanada, ilianzishwa 1670 na kwa muda mrefu biva ndiye aliyekuwa mfalme, skanki hakuna aliyemtaka. Baadaye biva wamepungua, fasheni ya manyoya meusi marefu kwenye kola na mikono ya makoti imeingia Ulaya, na masoko makubwa kama London na Leipzig ya Ujerumani yanataka mzigo, ndipo watu wakakumbuka kwamba nyuma ya nyumba kuna mnyama mweusi wa bure ambaye hata haogopi watu. Vijana wa mashambani walitega skanki kupata hela ya mfukoni. Kumpata hakukuhitaji kwenda mbali porini wala mbwa wa kuwinda, anakaa chini ya banda la kuku.

Ngozi zilipangwa kwa madaraja kufuatana na weupe. Yule ambaye ni karibu mweusi wote ndiye wa bei ya juu, anafuata mwenye mstari mfupi, halafu mwenye mistari mirefu myembamba, wa mwisho mwenye mistari mipana. Sababu ni ya fundi, koti likitakiwa jeusi inabidi mstari mweupe ukatwe utolewe au upakwe rangi, na ukikata mgongo wa mnyama ambaye ni mdogo tayari unabaki na vipande. Kwa hiyo mnyama mwenye tangazo kubwa zaidi mgongoni ndiye aliyekuwa na thamani ndogo zaidi, nadhani hapo skanki wa mistari mipana walishukuru.

Sasa hebu fikiria wewe ni muuza makoti New York, mteja wako ni mama mwenye hela, utamwambia hili ni la skanki? Haiwezekani. Wafanyabiashara wakambatiza majina mengine, mojawapo "Alaska sable", wakati huyo sable wanayemtaja ni mnyama wa Siberia mwenye ngozi ya bei mbaya kabisa na hana uhusiano wowote na skanki, wala Alaska yenyewe haikuwa ndiko skanki wanakotoka. Ujanja huu haukuwa wa skanki peke yake, sungura walikuwa wanauzwa kwa majina ya ajabu ajabu pia, mpaka Bunge la Marekani likapitisha mwaka 1951 sheria ya lebo za bidhaa za manyoya, ikaanza kufanya kazi 1952, kwamba kila bidhaa iandikwe jina halisi la mnyama kufuata orodha rasmi ya serikali. Kuanzia hapo lebo ikasema skanki.

Wengi wanasimulia kwamba hiyo lebo ndiyo iliyoua soko lake. Mimi naona ilimalizia tu. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulikuwa umeshazipiga bei za manyoya vibaya, na fasheni ya manyoya marefu ilikuwa imepita, watu wamehamia kwenye manyoya mafupi kama ya minki. Mtu haachi kitu anachokipenda kwa sababu ya kijikaratasi, anaacha kile ambacho alishaanza kukichoka.

Kabla halijafa lakini kulikuwa na watu waliofuga skanki kabisa, mashamba ya skanki, wanakata zile tezi za harufu wakiwa wadogo halafu wanawakuza kwa ajili ya ngozi na kuchagua weusi wazae weusi. Mengi hayakufika mbali, maana kwa nini ununue chakula cha kulisha mnyama ambaye jirani yako anamtega bure? Alama iliyobaki ya biashara hiyo ipo Prince Edward, kisiwa cha Kanada. Hakikuwa na skanki wa asili, waliletwa kwa ajili ya manyoya, baadhi wakatoka, na leo wapo kisiwani wanakula mayai ya watu kama wenyeji wengine.

Turudi kwenye sheria ya leo maana ndio penye utata. Marekani na Kanada mnyama wa porini siyo mali ya mwenye shamba, yuko chini ya serikali kwa niaba ya wananchi, hata akiwa amelala chini ya sakafu yako. Mpaka hapo siyo mbali sana na kwetu. Ila kuna kitu cha ajabu kidogo: nyama ya wanyama pori kama paa, kwa kawaida ni marufuku mwindaji kuiuza, hiyo ilikuja baada ya biashara ya nyama kuwamaliza wanyama karne ya 19, lakini manyoya yakaachwa, yanaruhusiwa kuuzwa mpaka leo kwa leseni. Kwa hiyo kuitwa mnyama wa manyoya maana yake una msimu, mtegaji anahitaji leseni, kuna masharti ya aina ya mtego na kila baada ya muda gani mtego ukaguliwe, na mnunuzi wa ngozi naye anahitaji kibali. Kila jimbo lina yake. Kuna majimbo yenye msimu wa skanki na yapo yasiyo na msimu kabisa. California ilikwenda mbali zaidi, 2019 ilikuwa ya kwanza kupiga marufuku utegaji wa manyoya jimbo zima, na kuanzia 1 Januari 2023 kuuza nguo mpya za manyoya nako marufuku, lakini skanki yule yule ambaye huruhusiwi kuuza ngozi yake, kumuua kwa sababu anakukera bado inaruhusiwa. Mtetezi wa wanyama akisikia hivyo anashangaa na mtegaji naye anashangaa, ila kila mmoja kwa sababu yake.

Kuhusu kuisha, hayuko hatarini. Kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, yuko daraja la wasio na wasiwasi, na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, haumgusi, tofauti na fisi maji wa kule ambaye ngozi yake ikivuka mpaka inahitaji karatasi. Magari yanaua skanki wengi. Macho yake hayaoni mbali, halafu akitishwa hakimbii, anasimama na kuinua mkia, mbinu ambayo kwa koyoti, yule mbwa mwitu mdogo wa Amerika, inafanya kazi na kwa lori haifanyi. Adui mwingine ni bundi mkubwa wa Amerika, yeye uwezo wake wa kunusa ni mdogo, anamchukua kwa juu kimya kimya na kumla na harufu yake.

Kwa mtegaji wa sasa hivi ngozi ya skanki ni pesa ndogo mno, mara nyingi haifidii mafuta ya gari, na wengi wanampata kwa bahati mbaya wakitega mbweha au rakuni. Kinachochekesha ni kwamba siku hizi kinachotafutwa ni kile kilichokuwa tatizo. Uvundo wake. Mtegaji akimpata anafyonza ule umajimaji kwenye tezi kwa sindano, anauhifadhi kwenye chupa ya kioo, unauzwa kwa watengeneza chambo, kwa sababu harufu hiyo inasafiri mbali hata kwenye baridi na koyoti akiisikia anakuja kuangalia kuna nini. Tone dogo linachanganywa na vitu vingine linatosha mtego mzima. Yaani ngozi iliyofichwa jina kwa sababu ya harufu imepitwa na harufu yenyewe.

Na harufu yenyewe ni kemia nzuri sana, tuseme ukweli. Pembeni ya njia ya haja kubwa kuna tezi mbili zenye vichuchu ambavyo anaweza kuvielekeza anapotaka, akilenga mita 3 anakupata vizuri na matone yanaweza kufika mara mbili ya hapo. Akiba yake inatosha kurusha mara tano sita hivi, ikiisha anahitaji zaidi ya wiki kujaza tena, ndio maana hapendi kuimaliza ovyo. Kwanza anaonya. Anapiga miguu ya mbele chini, anakoroma, anainua mkia, mwishoni anajikunja mwili hadi uso na matako vyote vinakutazama wewe, ukifika hapo na bado umesimama basi uliyataka mwenyewe.

Kilichomo ni thaioli, misombo yenye salfa. Ukitaka kujua familia yake, nenda jikoni: gesi ya mtungi haina harufu, ile unayoisikia ikivuja ni thaioli wanaongeza kiwandani makusudi kwa sababu pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa kidogo sana. Thaioli za skanki ni ndugu wakali zaidi wa hiyo ya gesi. Lakini kuna kundi la pili humo ndani, thaioasetati, ambazo zenyewe hazinuki sana, ila zikikutana na maji polepole zinageuka kuwa thaioli. Hii aliifafanua mkemia William Wood wa California mwaka 1990 na ndio inaeleza kwa nini mbwa aliyerushiwa unamuogesha, anakauka, unasema afadhali, wiki inayofuata akinyeshewa mvua nyumba nzima inaanza upya.

Harufu haiui, ikiingia machoni inawasha vikali na inaweza kukufanya usione vizuri kwa muda. Hatari halisi ya skanki ni meno. Yeye ni mmoja wa wanyama wakuu wanaotunza kichaa cha mbwa Marekani, kwa miaka mingi kabla ya 1990 ndiye aliyeongoza kwa wanyama waliogundulika na virusi hivyo, ndipo rakuni wakampita. Kwetu Afrika Mashariki tumezoea kwamba ugonjwa huu unatoka kwa mbwa, na ndivyo ilivyo kwa karibu vifo vyote vya binadamu duniani, ila kule mbwa wamechanjwa kwa wingi kwa hiyo virusi vimebaki kwa wanyama wa porini na popo. Skanki anayetembea mchana siyo lazima awe mgonjwa, mama mwenye watoto anaweza kutoka mchana, lakini anayeyumba, anayekufuata, asiyekuogopa wala kukuonya kwanza, huyo kaa mbali. Akikung'ata osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri dalili, dalili zikianza umeshachelewa.

Hii ndiyo sababu pia ile tabia ya kumtega kwenye kizimba na kwenda kumwachia msitu wa mbali, ambayo watu wanaiona ya huruma, sehemu nyingi ni kosa kisheria. Texas hairuhusu kusafirisha skanki hai, unaweza kuwa unahamisha virusi kutoka kaunti moja kwenda nyingine. Ontario kule Kanada kuna kipindi walichukua njia nyingine, walimtega, wakamchanja, wakamwachia pale pale alipokuwa. Ilikuwa kazi kubwa, lakini ukiwaua tu wale wa eneo moja nafasi yao inajazwa na wengine ambao hawajachanjwa.

Kwa Waswahili walioko Houston, Ohio na kwingineko huko: akija uani jioni na kuchimba chimba nyasi anatafuta mabuu ya mbawakawa na wadudu wengine, hana shida na wewe. Ficha takataka, usiache chakula cha paka nje usiku, na wenye mizinga ya nyuki inueni mizinga juu, maana anakwaruza mlango wa mzinga usiku, nyuki wakitoka kuangalia anawala mmoja mmoja. Akiwa chini ya nyumba subiri atoke usiku ndipo uzibe, ila siyo Mei mpaka Julai, kuna watoto humo na hawawezi kutoka wenyewe.

Mbwa akirushiwa achana na juisi ya nyanya, haiondoi kitu, pua yako tu imechoka ile harufu ikaanza kusikia nyanya. Dawa inayofanya kazi ni ya mkemia Paul Krebaum, ilichapishwa 1993: lita moja hivi ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, robo kikombe cha baking soda, ile ya kwenye keki, na kijiko kimoja au viwili vidogo vya sabuni ya maji. Inabadilisha thaioli kuwa kitu kingine kisichonuka badala ya kuifunika tu. Changanya wakati huo huo, paka mbwa akiwa mkavu kabla hujamwaga maji, acha dakika tano, epuka macho, suuza. Inayobaki mwaga, usiifunge kwenye chupa hata kidogo maana inatoa gesi na chupa itapasuka. Na kama mbwa wako ni mweusi akatoka humo amepauka pauka mgongoni usimpeleke kwa daktari, ni peroksaidi hiyo, manyoya mengine yataota.